“Kufa” Si Jina la Ugonjwa

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kitu chochote kinachoacha kufanya kazi kimekufa. Redio inakufa, baiskeli inakufa, pasi inakufa, na simu hufa kila jioni ikafufuka umeme unaporudi. Wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam nao husema saa imekufa, kwa hiyo tabia hii si ya mji wetu peke yake. Wala si tabia mbaya. Kitenzi ni kifupi, kinaeleweka na kila mtu, na kina heshima fulani kwa kitu kilichotutumikia. Kasoro yake ni moja tu: kinatangaza msiba bila kutaja ugonjwa.

Mimi nasoma lugha, sisomi ufundi wa umeme. Hata hivyo nimeona jinsi kitenzi hicho kimoja kilivyokaribia kunipotezea kazi ya miaka miwili, na jinsi vitenzi vingine vichache, vilivyotumiwa kwa uangalifu, vilivyoirudisha. Ndiyo sababu naleta habari za kompyuta katika jarida la kitivo cha lugha.

Ninaishi katika komini ya Lubumbashi, ambayo wageni huichanganya na mji mzima, kwa kuwa mto, mji na komini vyote vitatu vina jina moja. Tunapanga vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba kubwa ya enzi za Wabelgiji, mwendo mfupi wa miguu kutoka kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Kompyuta yangu ni laptopu iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kunifikia. Mwaka jana skrini yake iligeuka nyeusi. Fundi aliyeitazama wakati ule hakuchukua hata dakika mbili: “Ekra ilisha kufa.” Skrini mpya ingegharimu karibu bei ya mashini yenyewe. Mama mukubwa, ambaye hufanya usafi katika ofisi moja ya mjini, akaniletea monita ya zamani waliyokuwa wakiiuza huko kwa bei ya kutupa. Nikaiunganisha kwa kebo ya VGA, ile yenye pini kumi na tano, na maisha yakaendelea.

Utaratibu ulikuwa huu. Nabonyeza kitufe cha kuwashia. Nakaa gizani karibu dakika moja, monita haionyeshi chochote. Kisha Windows ikishajipanga, picha inatokea kwenye monita, nami naanza kazi. Naomba msomaji aikumbuke dakika hiyo ya giza, kwa sababu nitairudia.

Ndani ya mashini hiyo mlikuwa na saa kumi na moja za sauti ya nkambo, mama yake mama yangu. Alikuwa muuza ndagala na lengalenga katika soko la Kamalondo, mahali ambapo yeye hakuacha kupaita Albert, kwa jina lililotumika kabla ya uhuru. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu majina ya mitaa na masoko katika kumbukumbu za wazee, na nkambo ndiye aliyekuwa msemaji wangu mkuu. Alinieleza njia ya reli iliyotenga mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika, nani aliruhusiwa kupita jioni na nani hakuruhusiwa, bibi fulani aliuza nini na aliitwaje. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta. Baadaye simu iliibiwa ndani ya basi dogo. Mwezi wa pili, katikati ya mvua, nkambo akafariki.

Kwa hiyo umeme ulipokatika siku nne mfululizo, kisha ukarudi, na monita ikaandika kwamba haipati ishara, haikuwa habari ya chombo tu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya tarehe ya kukabidhi kazi. Nilingoja dakika moja ya kawaida, nikangoja tano, nikangoja kumi. Giza halikuondoka.

Jirani alikuja na kebo nyingine. Matokeo yalikuwa yale yale. Tukaipeleka laptopu mjini kwa fundi mmoja mwenye meza yake barazani, naye akaijaribu kwa monita yake mwenyewe. Giza. Akatikisa kichwa. “Kijana, karte-mere ilisha kufa. Niachie, nitakupatia dola makumi mbili.” Alikuwa anasema juu ya ule ubao mkubwa ambao sehemu zote za kompyuta zimepandwa juu yake. Nikamwambia, “Aksanti papa, nitarudia na yo nyumba.” Hakukasirika. Kwa namna alivyoona mambo, alinifanyia wema: marehemu ana bei yake, na yeye alikuwa tayari kuilipa.

Njiani nikawa nafikiria neno lake. Tulikuwa na hukumu mbili za aina moja, ya mwaka jana juu ya skrini na ya siku ile juu ya ubao mama, na zote mbili zilitolewa kwa kitenzi kile kile. Mhadhiri wetu wa fonetiki hupenda kutukumbusha kwamba kabla ya kufasiri sauti yoyote, mtu aandike kwanza alichosikia, si alichotarajia kusikia. Usiku ule umeme ulikuwepo. Nikachukua daftari la uwandani, lile lile nililoandikia maneno ya nkambo, nikaiwasha mashini na kuandika kama vile ningeandika juu ya msemaji ambaye lugha yake siijui.

Niliandika hivi. Kitaa cha buluu pembeni kinawaka. Feni inazunguka kwa nguvu sekunde chache, kisha inatulia. Diski inanong’ona kidogo, kisha inanyamaza. Hakuna mlio wowote wa kurudiarudia. Nikibonyeza Caps Lock, kitaa chake kinawaka. Nikibonyeza tena, kinazima. Monita inaandika kwamba hakuna ishara, kisha inalala.

Ukiyatazama maelezo hayo, utaona kwamba “imekufa” haiwezi kuwa muhtasari wake. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuzitenganisha hatua za kompyuta inayoanza. Kwanza mashini inapata umeme: hilo linaonekana kwenye kitaa cha pembeni. Pili inawaka: feni inazunguka. Tatu inaamka, au kama tunavyosema nyumbani, inalamuka: inajikagua, inatambua kibodi yake, inatafuta diski. Nne inaonyesha: inatuma picha mahali ambapo mtu anaweza kuiona. Hatua hizi zinafuatana, na kila moja inaweza kukwama peke yake. Isiyopata umeme inahitaji chaja au tundu jipya la chaja. Inayowaka bila kuamka huenda ina kumbukumbu mbovu, na mara nyingi hulia milio ya kuhesabika, kwa sababu watengenezaji walijua kwamba mashini isiyoweza kuonyesha inapaswa angalau kupiga kelele. Mlio mmoja mfupi wa “niko salama” ulikuwepo tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Lakini inayoamka bila kuonyesha ni jambo jingine kabisa. Hiyo iko hai na ina akili zake. Kilichokatika ni njia kati yake na macho yetu.

Hapa ndipo nilipomkumbuka Roman Jakobson, ambaye kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humchora ubaoni. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1960 alitaja mambo sita yanayohitajika ili mawasiliano yawepo: msemaji, msikilizaji, ujumbe, muktadha, msimbo, na mguso, yaani njia inayowaunganisha wawili hao. Kila jambo alilipa dhima yake ya lugha. Dhima ya mguso ndiyo ile ya “halo, unanisikia?”, maneno yasiyoleta habari yoyote ila kupima kama njia iko wazi. Tulipokuwa tukijifunza, nilidhani dhima hiyo ni ya simu na salamu. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mashini nyeusi nikibonyeza Caps Lock: halo? Na kitaa kidogo cha kijani kikijibu: niko. Nazimisha, kinazima. Msemaji alikuwepo. Msikilizaji alikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa mguso wa upande mmoja tu: mimi nilisikika, yeye hakusikika.

Siku ya pili nikaenda na daftari langu kwa dada mmoja anayesoma Politekiniki. Yeye na kaka yake wana kibanda cha kutengeneza simu hapa hapa katika komini yetu. Ananizidi miaka michache, kwa hiyo namwita yaya. Sikumwambia kwamba mashini imekufa. Nilimsomea daftari, mstari kwa mstari. Akasikiliza bila kuigusa mashini, kisha akauliza jambo ambalo hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza.

“Na ekra yake yenyewe, iko na nini?”

“Ilikuwa nyeusi mwaka uliopita, yaya. Balisema ilisha kufa.”

“Ilipasuka?”

“Hapana.”

“Iko na mistari? Na madoa?”

“Hapana. Iko nyeusi tu.”

“Nyeusi tu,” akarudia. Kabla ya kufanya lolote akanitoa hofu kwanza: sauti ya nkambo haiko kwenye ekra wala kwenye ubao, iko kwenye diski, na hata kama mengine yote yangeshindikana, diski inatolewa kwa parafujo mbili na kusomwa kwenye mashini nyingine. Bisibisi aliiweka mezani kama ushahidi. Kisha akashusha pazia la kibanda, akaiwasha laptopu, akangoja feni itulie, akawasha tochi ya simu yake na kuielekeza kwenye ile skrini iliyofariki mwaka uliopita. Hakuielekeza kwa kuikabili. Aliiweka pembeni, mwanga ukilambaza juu ya kioo.

“Kuya uone. Soma.”

Kulikuwa na maandishi. Yalikuwa hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa, lakini yalikuwepo, mistari mitatu ya Kiingereza katika kona ya juu. Ilisema kwamba tarehe na saa hazijawekwa, na kwamba mtumiaji abonyeze F1 ili kuendelea.

“Iko nauliza tangu siku zote hizi,” yaya akasema. “Hakuna mwenye kuijibu.”

Nikabonyeza F1. Tukangoja dakika ile ile ya giza ninayoijua. Monita aliyokuwa ameiunganisha ikatoa mlio mdogo, ikawaka, na majina ya mafaili yangu yakajipanga kama yalivyokuwa. Pembeni chini, saa ya mashini ilisema ni tarehe 1 Januari 2010. Kwa mujibu wake nkambo alikuwa bado yuko sokoni akipanga mafungu ya ndagala. Nilifungua faili moja ili nihakikishe, nikasikia anakohoa, kisha anauliza kama kile kisimu kinashika maneno. Yaya akatoka nje akaniacha peke yangu kidogo.

Baadaye alinieleza sababu, nami naileta hapa kwa maneno ya kawaida kwa sababu naamini laptopu nyingi za wanafunzi wenzangu ziko njiani kuelekea hali hiyo hiyo.

Skrini za aina ile hazitoi mwanga wowote. Zinachuja mwanga unaotoka kwenye taa iliyofichwa nyuma yake. Taa hiyo au waya wake vikiharibika, picha inaendelea kuchorwa kama kawaida, ila gizani. Ndiyo sababu tochi inaifichua. Skrini iliyopasuka huwa na mistari, madoa au wino mweusi uliotapakaa. Skrini iliyo nyeusi tu, sawasawa kutoka kona hadi kona, yafaa imulikwe kabla ya kuzikwa. Huko ndiko hukumu ya kwanza ilikokosea.

Hukumu ya pili ilikosea mahali pengine. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo isiyopaswa kusimama, na ina betri yake yenyewe, mara nyingi ile ya duara kama sarafu, volti 3, inayoitwa CR2032: kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2. Katika laptopu, betri kubwa nayo huisaidia saa hiyo. Betri yangu kubwa ilikuwa imechoka, na ile ndogo ilikwisha bila mtu kujua. Kwa muda mrefu umeme wa ukutani ndio uliokuwa ukiificha siri hiyo. Siku nne za giza zikaifichua. Saa ikasimama, mashini ikasahau tarehe, na ilipoamka ikataka kumuuliza mtu. Hilo ndilo jambo la busara ambalo mashini yoyote ingefanya.

Ila iliuliza wapi? Kabla ya Windows kuingia, laptopu huendeshwa na programu ndogo ya mwanzo iliyomo kwenye ubao wenyewe, na laptopu nyingi, katika hatua hiyo, hutuma picha kwenye skrini yao wenyewe tu. Monita ya nje hupata picha baadaye, Windows inapoingia na programu inayoongoza kadi ya picha. Wakati huo kompyuta na monita hujitambulisha: monita hutuma maelezo yake mafupi, baiti 128 tu kwa sehemu ya msingi, yanayosema imetengenezwa na nani na inaweza kuonyesha picha za ukubwa gani. Ile dakika ya giza niliyoizoea ilikuwa ndio muda wa programu ya mwanzo. Kila siku mashini ilipita katika chumba kile bila taa, na kila siku haikuwa na la kuuliza humo. Siku ilipokuwa na swali, ikasimama humo humo.

Kwa hiyo ubao ulikuwa mzima. Kumbukumbu ilikuwa nzima, diski nzima, hata skrini ilikuwa nzima kwa sehemu kubwa. Vilivyokuwa vibovu vilikuwa taa moja na betri ya ukubwa wa sarafu. Ubovu wa vitu viwili vidogo, ukitafsiriwa kwa kitenzi kimoja kikubwa, ulikuwa umeshapewa bei ya dola ishirini.

Nimekaa nikiulizana kwa nini habari hii ilinigusa zaidi ya furaha ya kupata mafaili. Nadhani ni kwa sababu hukumu ya aina hiyo naijua kutoka mahali pengine. Kiswahili cha nkambo nacho kimetangazwa kufa mara nyingi. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba kuna Kiswahili bora, na kuna hiki chetu, kilichoharibika, kilichovunjika, kisicho na ngeli. Ni uchunguzi wa namna ile ile: mtu anatazama kwa kuikabili skrini, haoni alichozoea kuona, anasema imekufa. Ukimwuliza nini hasa kimekufa, hana orodha. Ni kweli kwamba nkambo alisema bantu na batoto, si watu na watoto. Na kwamba aliposema mashini iko, bitabu iko, ndagala iko, hakubadilisha kiambishi. Lakini hakuna hata sentensi moja katika saa zile kumi na moja ambamo nilishindwa kujua ni nani alimtendea nani nini, lini, na kama yeye mwenyewe aliliona au aliambiwa. Upatanisho umepungua mahali fulani. Mahali pengine pameongezeka vitu ambavyo Kiswahili bora hakina. Hiyo ni orodha, na orodha inaweza kufanyiwa kazi. “Kimeharibika” si orodha.

Mji wetu una mfano mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kijitabu juu ya historia ya mji huu, kikiitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kilitoka kwa waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu, na kiliandikwa kwa Kiswahili cha hapa, bila kufuata tahajia ya shule: maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa mahali ambapo mwalimu asingeyakata. Mtu akikitazama kwa macho tu, anaweza kusema hakisomeki. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo hapa Lubumbashi, alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, na kazi hiyo aliifanya kwa msaada wa Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hii, aliyekisoma kwa sauti. Kikisomwa kwa sauti, mipaka ya maneno inajitokeza na maana inakuja. Ujumbe ulikuwepo miaka yote. Ulihitaji kupitishwa njia nyingine, sikio badala ya jicho, kama vile skrini yangu ilivyohitaji mwanga wa pembeni badala ya ule wa nyuma.

Sisemi kwamba kila kilichonyamaza kiko hai. Kuna bao mama zinazoungua kweli, hasa umeme unaporudi kwa kishindo, na kuna lugha zinazokufa kweli, mzungumzaji kwa mzungumzaji. Nasema tu kwamba kifo ni hitimisho, na hitimisho huja mwisho wa uchunguzi. Kwetu huja mwanzoni, na likishakuja hakuna anayeuliza tena.

Kwa wenzangu walio na laptopu za mkono wa pili na monita za kuazima, na najua tuko wengi, haya ndiyo ninayoyafanya sasa mtu anaponiletea mashini “iliyokufa” hapa uani. Kwanza namnyima kitenzi hicho. Namwambia aanze kwa kitaa: kinawaka au hakiwaki? Kisha feni, kisha milio, akihesabu. Kisha abonyeze Caps Lock na anieleze kitaa chake. Kikiitikia, tunajua tunatafuta njia ya picha, si uhai. Tunachomoa monita na kila kitu kilichochomekwa pembeni, tunachomoa chaja, tunatoa betri ikiwa inatoka, tunashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani umalizike, kisha tunajaribu upya na chaja peke yake. Tunamulika skrini ya laptopu kwa tochi ya pembeni, chumba kikiwa na giza. Windows ikiwa imeingia lakini picha haionekani, tunabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, ambacho huchagua picha iende wapi: skrini ya kompyuta tu, zote mbili kwa picha moja, zote mbili kwa kutandaza, au monita peke yake. Na kama tarehe ya mashini imerudi miaka mingi nyuma, tunatafuta betri ya duara kabla ya kutafuta mnunuzi.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee maelezo, usimpelekee hukumu. Yule papa wa barazani hakuwa mjinga. Aliletewa mashini na neno “imekufa” likiwa limeshatamkwa na jirani yangu, akathibitisha kile alichoambiwa. Yaya wa Politekiniki aliletewa ukurasa mmoja wa daftari, akauliza swali moja lililokosekana humo. Sidhani tofauti yote ilikuwa katika ujuzi wao. Sehemu yake ilikuwa katika kile walichopewa kusikiliza.

Betri mpya ya duara iliwekwa siku ile ile, kwa bei ndogo kuliko nauli zangu zote za wiki. Taa ya skrini haijatengenezwa bado, na monita ya mama mukubwa inaendelea na kazi. Sauti ya nkambo sasa iko mahali panne: kwenye mashini, kwenye flashi iliyofungwa katika sanduku la mama, kwenye kompyuta ya yaya, na kwenye ile ya msimamizi wangu, ambaye aliomba nakala yake kabla hata sijamaliza kumsimulia. Kazi ilikabidhiwa siku mbili kabla ya tarehe. Katika kiambatisho nimeacha maneno ya nkambo kama alivyoyasema, pamoja na vituo vyake vyote vya kimya, nikihesabu sekunde za kila kimoja. Baadhi ni vya kukumbuka jina, baadhi ni vya uchovu, na kimoja kirefu ni cha swali ambalo hakutaka kulijibu. Vyote vinasikika sawa kwenye spika, na ilinibidi kuvisikiliza tena na tena, pamoja na maneno ya kabla na ya baada, mpaka nikaweza kuandika kila kimoja kwa jina lake.